Zawadi ya Noeli kwa mtoto mdogo, fedha zikiwa chache



Mwaka jana, katika wiki ya pili ya Desemba, tulikuwa kliniki ya watoto tukipima uzito kama kawaida. Mama mmoja alipokwisha kumvalisha mtoto wake alisogea karibu na meza, akatuuliza kwa sauti ya chini: “Sista, baba yake ametuma shilingi 10,000 za sikukuu ya mtoto. Ana mwaka mmoja na nusu. Nimnunulie nini?” Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja. Tukamjibu haraka haraka, “Mnunulie nguo nzuri, mama,” tukaita kadi inayofuata.

Jioni tulipokuwa tukijaza rejista, swali lile liliturudia. Tulikuwa tumelijibu kama swali la dukani, na kumbe lilikuwa swali la afya. Katika wodi yetu ya watoto, siku zinazofuata Noeli huleta watoto ambao madhara yao yalinunuliwa sokoni, kwa fedha ya jasho, na mzazi mwenye mapenzi mema. Wengine huja baadaye, mwezi Februari, uzito umeshuka, kwa sababu fedha ya chakula chao iliondoka Desemba. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa yule mama siku ile.

Kwanza tuhesabu

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Desemba si mwezi wa fedha. Mvua zimeanza, mahindi yanapandwa, mbolea inadaiwa, na mahindi yaliyo ghalani yanapungua kila siku. Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Wale ambao kikoba chao huvunjwa Desemba hujiona matajiri kwa siku tatu au nne, na hizo ndizo siku za hatari.

Yafaa basi, kabla ya kwenda mnadani, baba na mama wakae pamoja na kutenga kwanza fedha isiyoguswa: ya chakula cha Januari, ya sare, ya nauli ya kliniki, na akiba kidogo ya ugonjwa wa ghafla. Hiyo ifungwe mahali pake. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kama ni shilingi 3,000. Msikope kwa ajili ya zawadi. Tumewaona akina mama walioficha kadi ya kliniki isionekane nyumbani kwa mwenye deni, wakakaa miezi miwili bila kumpima mtoto kwa sababu njia ya kliniki inapita mlangoni kwake.

Tunakumbuka pia mama aliyeuza kuku wawili waliokuwa wakitaga ili amnunulie binti yake gauni la kumeremeta. Lilikuwa gauni zuri kweli. Binti alikuwa na miaka miwili, na yale mayai ndiyo yaliyokuwa kitoweo chake, maana nyumba ile nyama huonekana mara chache. Mwezi Machi tulipompima, mstari wa kadi yake ulikuwa umelala, kisha ukashuka. Gauni lilikuwa bado linamtosha. Hatumcheki mama huyu. Aliogopa mtoto wake asichekwe kanisani. Lakini tuseme ukweli baina yetu: mtoto wa miaka miwili hajui kuchekwa kwa ajili ya nguo. Anayechekwa ni mzazi, au anadhani anachekwa, na mtoto ndiye anayelipa.

Kuku anayetaga asiuzwe kwa ajili ya zawadi. Wala mbuzi wa maziwa. Wala debe la maharage lililowekwa kwa ajili ya uji na mboga ya mtoto.

Mtoto mdogo anataka nini?

Watu wazima tunapochagua zawadi tunaangalia rangi, sauti na bei. Mtoto anaangalia mambo mengine, na hayo hubadilika kadiri anavyokua.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hana habari na duka. Kitu anachokitazama kuliko vyote ni uso wa anayemlea, na anachosikiliza ni sauti yake. Kama kuna fedha, mnunulieni soksi au sweta la baridi, kofia isiyo na kamba za kufunga shingoni, basi. Yeye zawadi yake ni kubebwa, kuimbiwa na kunyonya.

Kuanzia miezi 6 mikono inashika, na kila kinachoshikwa huenda mdomoni. Hapo nyumba nzima imekuwa duka la vichezeo. Kikombe cha plastiki, sufuria ndogo, kijiko cha mti kisicho na vibanzi: mtoto atavigonga, atavidondosha, atakutazama uviokote, na atavidondosha tena. Wengine humchapa wakidhani ni utundu. Sivyo, anajifunza kwamba mkono wake unaweza kufanya jambo likatokea. Akifika miezi 9 mfunikie kijiko kwa kitenge, kisha umwache akitafute. Utaona furaha ambayo hakuna muuza vichezeo anayeiuza.

Kati ya mwaka mmoja na miwili kazi yake kubwa ni kutia na kutoa. Mpe kopo kubwa ambalo ukingo wake umekunjwa vizuri usikate, na magunzi makavu kadhaa ya mahindi. Au vikombe vitatu vya plastiki vya ukubwa tofauti, avipange na kuviangusha. Akianza kutembea vizuri hupenda kuvuta kitu nyuma yake. Boksi dogo lenye kamba fupi ni gari tayari.

Wa miaka mitatu hadi mitano anaiga. Anataka kuwa mama, kuwa dereva, kuwa mwalimu. Tuna mjukuu mmoja hapa jirani ambaye kila Jumapili jioni hujitanda kanga mabegani akaadhimisha misa yake uani, na kuku ndio waumini. Mtoto wa namna hii mpe mwanasesere, mpira, udongo wa mfinyanzi, chaki na kipande cha ubao wa kuchorea, au kitabu cha picha.

Haya si mawazo yetu tu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mafunzo yao ya malezi kwa wahudumu wa afya, hufundisha kwamba mtoto achezeshwe na kusemeshwa tangu siku ya kuzaliwa, kwa vitu safi na salama vilivyomo nyumbani. Nchini kwetu serikali ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na ndani yake kucheza na kuongea na mtoto vimo pamoja na lishe, afya na ulinzi. Sababu ni kwamba katika miaka ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza, ubongo hukua upesi kuliko wakati wowote mwingine, na hukua kwa kutumiwa. Kichezeo kinachocheza chenyewe huku mtoto akitazama kinautumia kidogo sana. Kichezeo kilicho kimya, ambacho mtoto lazima akisukume, akijaze, akipe jina na kukisemesha, kinautumia wote.

Akina baba, hapa mnahusika. Baba anayekaa chini mkekani dakika 15 na kujenga mnara wa vikombe pamoja na mwanawe amempa zawadi ambayo mama hawezi kuinunua. Kwa baba anayefanya kazi mbali na kurudi nyumbani sikukuu tu, dakika hizo zina uzito zaidi. Mtoto mwenye mwaka mmoja na nusu ambaye hajamwona baba tangu Juni anaweza hata kumkimbia. Msimkaripie, wala msimlazimishe kupakatwa kwa sababu ameletewa zawadi. Baba akae karibu, achezee vile vikombe mwenyewe, mtoto atakuja.

Sasa, yule mama wa shilingi 10,000. Alirudi kliniki Januari, tukamwuliza alinunua nini. Alicheka kidogo. Hakufuata ushauri wetu. “Nguo anayo, Sista,” alisema. Alinunua kandambili zenye mkanda wa nyuma, vikombe vitatu vya plastiki vya rangi na kipande cha sabuni, na zilizobaki akanunua mayai. Vikombe vile alikuja navyo. Mtoto alikuwa amevipachika kimoja ndani ya kingine na hakutaka kuviachia hata juu ya mizani.

Gari lililoimba

Tunakuja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Miaka michache iliyopita, tarehe 27 Desemba, aliletwa mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa. Alikuwa anatoa mate bila kukoma, amekataa ugali na uji, na akimeza maji analia. Nyumbani walidhani ni kimeo, na kabla ya kuja kwetu walikuwa wamempeleka kwa mtu anayekata vimeo. (Tumekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huu: kimeo hakikatwi. Hakina kosa, na wembe ule huleta kutoka damu nyingi na maambukizi.) Tulimpiga picha ya eksirei. Katikati ya kifua ilionekana duara nyeupe, nasi tukadhani ni sarafu. Daktari akaisogeza picha kwenye mwanga, akatuonyesha kwamba ukingo wake ulikuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine. Sarafu haiko hivyo. Ilikuwa betri, zile ndogo bapa zinazofanana na kifungo cha koti.

Siku ya Noeli baba alikuwa amempa gari dogo la plastiki lenye kuwaka taa na kuimba. Kifuniko cha betri hakikuwa na skrubu, kilifungwa kwa kubana tu. Gari lilianguka mara moja, kifuniko kikafunguka, na hakuna aliyeona.

Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio, yaani mrija wa chakula, haisubiri kuoza. Umeme wake mdogo pamoja na umajimaji wa mwili hutengeneza dawa kali kama magadi ya sabuni, na katika saa 2 tu nyama huanza kuungua vibaya. Huyu alikuwa nayo kwa siku mbili. Alikimbizwa hospitali ya rufaa, wakaitoa, na tunamshukuru Mungu ni mzima. Lakini umio wake uliacha kovu na kuwa mwembamba. Kwa mwaka mzima alikula uji na vyakula vya kusagwa, na mara kwa mara alirudishwa rufaa kupanuliwa umio. Baba yake alikuwa amepalilia shamba la mtu siku mbili ili kulinunua lile gari. Siku aliyokuja kuchukua barua ya rufaa alisema maneno haya tu: “Nilichagua lenye taa kwa sababu anapenda taa.”

Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa kila familia ni hili: katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, kisinunuliwe kitu cha betri za kifungo ambacho kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu. Si magari tu. Kadi zinazoimba, saa za mkononi za bei ndogo, mishumaa ya umeme, vitochi vya kuning’iniza kwenye funguo, vyote vina betri hizo. Zilizokwisha nguvu bado zinaunguza. Msiwape watoto kuchezea. Zifungeni kwa gundi ya karatasi na kuzitupa chooni kwenye shimo refu au mahali wasipofika.

Kupima kichezeo sokoni

Mwuzaji asikuharakishe. Shika kichezeo, kivute macho, masikio, magurudumu na vifungo kwa nguvu, kwa maana ndivyo mtoto atakavyofanya. Kikitoka kitu mkononi mwako, kitatoka kinywani mwake. Kama una lile bomba la karatasi lililo katikati ya karatasi za chooni, libebe mfukoni: kitu chochote kinachopita ndani yake si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Goroli, shanga, vizibo vya soda, vyote vinapita.

Puto linatudanganya wengi, maana ni rahisi na kila mtoto analililia. Likipasuka, kipande chake huvutwa na pumzi kikaganda juu ya njia ya hewa kama ngozi, na ni vigumu sana kukitoa. Puto lililojazwa lining’inizwe juu, watoto walitazame. Lisipulizwe wala kutafunwa na mtoto mdogo, na likipasuka mtu mzima aokote vipande vyote palepale.

Vichezeo vyenye sumaku ndogo ndogo visinunuliwe kabisa. Mtoto akimeza mbili, hukutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Rangi inayobanduka kwa ukucha iache hapohapo mezani kwa mwuzaji. Baadhi ya rangi na vidani vya bei ndogo vina madini ya risasi, ambayo huudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala upele wa kukuonya. Bunduki za plastiki zenye kurusha vidonge tunazijua kwa macho ya watoto tuliowasafisha. Filimbi kali isipulizwe sikioni, na ya plastiki nyembamba yenye kipira ndani asipewe mdogo.

Karanga, bisi, pipi ngumu na bigijii si zawadi za mtoto wa chini ya miaka mitano, japokuwa kila mgeni huja navyo mfukoni. Karanga moja iliyoingia pafuni imewahi kutulaza macho usiku kucha.

Mjomba na shangazi wa mjini nao wasaidiwe. Wao hupita Kariakoo siku ya mwisho, wana haraka, na wanataka kufika na kitu cha kuonekana. Mpigie simu mapema, mwambie kwa heshima: “Shangazi, mtoto anahitaji viatu, namba yake ni hii.” Atafurahi kujua. Na akishaleta gari la kuimba, lipokee kwa mikono miwili, mshukuru, kisha kwa siri ondoa betri. Gari litaendelea kuwa gari.

Nguo na viatu

Wengi bado watanunua nguo, na hatuwakatazi. Sikukuu ni sikukuu. Ila chagueni pamba kuliko nailoni. Siku ya Noeli mafiga yanawaka tangu alfajiri, mafuta ya maandazi yanachemka, na watoto wanazunguka jikoni wakiwa na magauni mapana. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mleteni. Msimpake dawa ya meno, unga wala yai.

Nguo ya mtumba ni nguo nzuri. Ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Kamba za kofia na za shingoni zikatwe.

Viatu tunavisifu zaidi. Mabuu ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyo wazi, na funza tunawajua. Mtoto mwenye safura hupungukiwa damu, akawa mchovu na asiyekua. Kwa hiyo kandambili au raba za mtumba ni zawadi ya kuchezea na dawa kwa pamoja. Tatizo ni kipimo, maana mtoto haendi naye mnadani. Msimamishe juu ya kipande cha boksi, chora kuzunguka mguu wake kwa kalamu, ukate umbo lile na kwenda nalo. Liingize ndani ya kiatu: libaki na nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole gumba. Nafasi ikizidi sana kwa nia ya kwamba atakikuta mwakani, atajikwaa mwaka huu, na kiatu kitabaki uvunguni.

Zawadi za mkono wa nyumbani

Bibi zetu walijua kazi hii. Gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, kichwa cha matambara kimeshonwa kwa uzi imara, macho na mdomo vimechorwa kwa kalamu, ni mwanasesere ambaye hana kitu cha kumezwa. Mpira wa soksi kuukuu, uliojazwa matambara na kushonwa, hauvunji kikombe wala kumwumiza mtu.

Kitabu cha picha hutengenezwa hivi. Chukua kalenda za zamani na magazeti, chagua picha za vitu ambavyo mtoto anavijua: ng’ombe, baiskeli, embe, mama na mtoto, kanisa. Kata, ubandike kwa uji mzito wa ngano kwenye vipande vya boksi, kurasa 6 au 8. Zikikauka, toboa matundu mawili pembeni na ufunge kwa kipande cha kitambaa. Usitumie pini za stepla. Hutoka, na tumewahi kuikuta moja kwenye ulimi. Kila jioni mfungulie ukurasa, muulize, “Huyu nani? Analiaje?” Mwache ajibu hata kama anajibu kwa kidole. Mtoto asiyesema vizuri, au mwenye ulemavu, anahitaji kitabu hiki kuliko wengine, na mara nyingi ndiye anayesahauliwa zawadi zinapogawanywa.

Magari ya waya yanayotengenezwa na kaka zao yana uzuri wake, ila ncha za waya zikunjwe ndani, na wa chini ya miaka mitatu asipewe. Ndoo ndogo ya plastiki pia ni zawadi nzuri kwa mchanga na udongo, lakini iwe tupu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kichwa katika maji kidogo ya ndoo, na siku ya wageni kila mtu hudhani mwingine anamwangalia.

Likitokea la kutokea

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, usitie kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiwiliwili, umpige makofi 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisha mgeuze chali, umbonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Wa zaidi ya mwaka mmoja mwinamishe mbele umpige makofi 5 mgongoni. Kisha simama nyuma yake, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia zamu kwa zamu mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Akizimia na hapumui, mlaze chini, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua kama tulivyofundisha kwenye mikutano ya jumuiya.

Ukishuku amemeza betri, hata kama anacheza na anacheka, mlete papo hapo, usiku au mchana. Usimtapishe. Usimpe ugali wa kuisukuma. Ikiwa ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, na asali ipo nyumbani, mpe vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6, hupunguza kuungua. Lakini msipoteze hata dakika moja kwenda kuitafuta kwa jirani. Asiyetimiza mwaka asipewe asali kamwe. Njooni pia na kichezeo chenyewe, au betri nyingine inayofanana nayo, ili daktari ajue anatafuta nini.

Na jioni ya Noeli, wageni wakishaondoka, kabla ya kuzima taa, mmoja wenu achukue tochi apige magoti sebuleni. Atazame chini ya viti na mikeka, aokote vipande vya puto, vizibo, karanga, mifuko ya plastiki na vifuniko vya vichezeo. Asubuhi mtambazi ndiye atakayeamka wa kwanza.